Gari Limpishe Mjamzito

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wenye Magari ya Kale ya Kiingereza na Vigari vya Mfano.

Ndugu Mwenyekiti,

Aibu huna. Nimeanza na hilo ili tusipotezeane muda. Mtu mzima, daktari wa meno, baba wa watoto, unaingia nyumbani kwa watu, unaruka miguu ya mjamzito aliyejinyoosha sebuleni kama mtu anayeruka dimbwi, halafu unapitiliza moja kwa moja kwenda kuuliza hali ya gari! Mama yako angekuona siku ile angekukana mbele za watu. Sasa kaa chini usome. Na hizo glavu zako nyeupe zivue, karatasi hii haina kutu.

Kabla hujauliza nani kaniandikia, nimeandika mwenyewe. Shule niliiacha mapema, lakini nilipoiacha nilikuwa nimeshajifunza kusoma, kuandika, na kumtambua mjinga akiwa bado yuko mbali. Ukiona mwandiko umepinda mahali, hapo nilikuwa na hasira, si uzee.

Mimi ni mke wa yule mnayemwita Mheshimiwa Mwenye Gari. Mzee wangu huyo aliliendesha gari lile ujana wake wote, akimpeleka meneja kazini asubuhi na kumrudisha jioni. Meneja alipoondoka zake kwao akamwachia gari, kama shukrani. Mimi mzee huyohuyo nimempikia, nimemfulia, nimemzalia, nimemuuguza, na shukrani yangu naona bado iko njiani. Gari kalipa jina, analiita Mwali. Mimi ananiita "we mama".

Shida yenyewe haina mafumbo. Mjukuu wangu amekuja kujifungulia kwangu. Mama yake, binti yangu, hatunaye tena, na mumewe yuko kazini mbali, kwa hiyo hapa duniani mwenye kumpokea ni mimi. Mimba imeingia mwezi wa mwisho. Na huyo mtoto analala kwenye kochi la watu wawili, miguu juu ya stuli, shingo imekunjwa kama ya kuku aliyefungwa kwenda sokoni. Chumba kipo. Kina dirisha, paa lake halivuji, sakafu yake niliisugua mimi. Ila ndani kalala Mwali.

Nimemwambia mzee atoe gari. Kasema hawezi, kamati imekataza. Basi nimeona hakuna haja ya kubishana na mkia wakati kichwa nakijua kinapofanyia kazi. Malalamiko nimeyapanga kwa namba, maana nimeona hata skrubu za magari yenu mnazipa namba.

1. Chumba. Kile chumba cha pembeni nilikijenga mimi kwa ajili ya binti yangu. Tofali nyingine nilizibeba kichwani. Alipoolewa akaondoka, mzee akasema tukifungie vizuri kisiharibike. Nikaenda kumwona dada yangu, kurudi nakuta ukuta wa mbele umebomolewa, umewekwa mlango wa kufunguka pande mbili, na Mwali kaingia kinyumenyume, taa mbili zinanitazama kama mke mwenza. Kitanda kimefunguliwa vipande, kimeegemezwa ukuta wa choo. Nikauliza nani karuhusu. Mzee akasema, "Mama watoto, gari hili lina historia." Nikamwambia, na mimi je, niliota juzi baada ya mvua?

Nimekuja kujua kwamba yote hayo ni sheria yenu. Ati gari la mwanachama likilala nje ya paa hata usiku mmoja, mwenyewe anashushwa daraja, anakwenda kukaa benchi la wenye vigari. Mikutano yenu nimeiona, si imefanyikia uani kwangu? Wenye magari wanakalia viti vya kuegemea. Wenye vigari, wale ambao gari lao zima linaenea kwenye kiganja, wanakaa benchi karibu na mlango wa kuku, wala hakuna anayewauliza lolote mpaka chai iishe. Mzee wangu analiogopa lile benchi kuliko kaburi. Usingizini anaweweseka, "Si benchi, jamani, si benchi." Mwanamume aliyelea watoto akawasomesha mmemfanya aogope ubao!

2. Mashuka. Nilikuwa na mashuka mawili meupe ya pamba, nimeyaweka kwa ajili ya mgeni wa heshima. Mmoja wenu alimwambia mzee gari la Kiingereza halifunikwi turubai, linatoka jasho. Basi sasa Mwali anajifunika mashuka yangu, na mgeni wa heshima, mwenye mtoto tumboni, anajifunika koti la mvua la babu yake. Nilipoyavua mashuka nikayafue, mzee alisimama mlangoni kama nimemvua mtu nguo hadharani.

3. Salamu. Watu wenu wakija ukaguzi wanabeba stuli zangu bila kuomba, wanalizunguka gari, boneti wazi, wote kimya, mikono nyuma, kama wamekuja kumwona mgonjwa ambaye madaktari wameshamkatia tamaa. Juzi aliingia fundi saa, yule wenu aliyefunga miwani kwa uzi. Akasema, "Shikamoo mama. Ameamkaje leo?" Nikamjibu marahaba, ameamka salama, miguu tu ndiyo imevimba. Akashtuka. "Imevimba? Ya mbele au ya nyuma?" Nikamwambia baba, huyo tangu azaliwe anayo miwili tu. Akanitazama kwa huruma, akamvuta mzee pembeni, akamnong'oneza kwamba magurudumu mawili hayapo. Mzee alitoka mbio kwenda kutazama, mbio ambazo sijaziona tangu anioe. Mjukuu alicheka mpaka akashika tumbo. Nikamwambia acha kucheka, utajifungua kabla hatujapata pa kukuweka.

Lakini baadaye niliwaza, na sikucheka. Ina maana mtu anapita sebuleni, anaona tumbo lile, na swali la "ameamkaje" si la mwenye tumbo?

4. Kabati. Lile kabati la vioo lilikuwa la sahani zangu. Sasa hivi sahani ziko chini ya kitanda changu ndani ya boksi, na ndani ya kabati kuna vigari. Vimepangwa kwa rangi. Vina taa ndogo zisizowaka na milango midogo inayofunguka, na mzee anavifuta kwa brashi ya kunyolea ndevu. Sikatai, vinapendeza. Mtoto akipewa kimoja atafurahi siku nzima. Ila hakuna mtoto anayeruhusiwa hata kuvipumulia.

Jirani yetu seremala ni mwanachama wenu wa benchi. Nilimwomba anitengenezee kitanda cha mtoto, kidogo tu, chenye kingo. Akasema, "Bibi, nisamehe sana, nina kazi ya kamati." Nikaenda karakanani kwake kuiona hiyo kazi ya kamati. Anachonga gereji za vigari! Moja moja, kila kigari na yake, zina bawaba, zina paa la mteremko ili maji ya mvua yasituame. Nikamuuliza, maji gani ya mvua ndani ya kabati? Akasema ni utaratibu, na kwamba akizimaliza vizuri huenda mkamfikiria kupata kiti cha kuegemea. Kwa hiyo mwana wa mjukuu wangu atakuja duniani hana hata ubao wa kulalia, na kigari kisicho na roho kina nyumba yenye bawaba. Mwenyekiti, hayo ukiyasikia kwa wengine si ungesema wamerogwa?

5. Hili nimelifuta. Lilimhusu katibu wenu, na mjukuu amesema halifai kuingia kwenye bahasha.

6. Jiko. Katibu huyohuyo alisimama kwenye kona ya chumba, akanusa, akafumba macho, akanusa tena, halafu akatangaza kwamba mvuke wa sufuria zangu unaua vyuma vya kung'aa. Jiko likahamishiwa nje. Sasa mvua ikinyesha mimi napika mkono mmoja mwiko, mkono mwingine mwavuli, na gari lililoko ndani pakavu halina hata njaa. Pua ya mtu mmoja imenitoa jikoni kwangu, mahali ambapo hata mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alishindwa kunitoa.

7. Gari lenyewe haliwaki. Nalisema kwa sauti kwa kuwa naona ninyi mnalinong'ona. Kwenye maandamano yenu yaliyopita lilisukumwa kutoka mlangoni kwangu mpaka kona ya duka la dawa. Wauza duka walisukuma, wanafunzi waliokuwa wanapita walisukuma, hata mgonjwa aliyetoka kununua dawa zake alisukuma. Mzee kakaa kwenye usukani, kofia kichwani, anawapungia watu mkono kama amewaletea mvua. Halafu likasukumwa kurudi. Halafu waliosukuma wakakaa uani kwangu kusubiri chakula. Magari mengine yanakunywa petroli. Hili linakunywa sufuria yangu kubwa.

8. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, kwa sababu si lalamiko, ni ombi rasmi. Naomba niandikishwe katika chama chenu. Siombi kuwa mwenye gari. Naomba niandikishwe kama gari.

Usicheke. Nimemwambia mzee anisomee kanuni zenu, na kabla hajasinzia katikati nilikuwa nimeshasikia za kutosha. Mnataka kitu kiwe cha zamani. Mimi gari lile nimelizidi, nilikuwa nasuka ukili walipolishusha melini. Mnakisifu zaidi kikiwa kimemilikiwa na mtu mmoja. Mmiliki wangu ni yuleyule, sijawahi kuuzwa, na ingawa walikuwepo waliokuja kuulizia, niliwafukuza. Mnataka rangi ya asili. Mvi hizi ni zangu, sijawahi kupakwa chochote. Mikwaruzo ninayo, ya moto wa jiko na ya watoto, na kila mmoja naweza kukueleza ulivyotokea, jambo ambalo Mwali hawezi.

Vipuri je? Meno yangu mawili ya mbele yametoka, na sikuweka ya bandia. Siku ile mlipokagua gari la mwenzenu lililopotelewa na kifuniko cha gurudumu, wewe ulisimama mbele ya watu ukasema pengo la kweli lina heshima kuliko kipuri cha kubandika. Nilikuwa napita na sinia la chai, nikasikia kwa masikio yangu. Wagonjwa wako huko kliniki huwa unawaambia nini, sijui, lakini kwa neno lako hilo mimi nimepita ukaguzi.

Na zaidi ya hayo, naamka mwenyewe alfajiri bila kusukumwa na mtu wa duka la dawa.

Sasa uone linavyokwenda. Mna sheria nyingine, kwamba penye magari mawili na paa moja, la zamani zaidi ndilo linaloingia, jipya linangoja. Nikishaandikishwa, mimi ndiye wa zamani. Kwa hiyo chumba cha pembeni ni changu kwa sheria yenu wenyewe, na Mwali atoke. Mzee hatashushwa benchi, maana gari lake kongwe, yaani mimi, litakuwa limelala chini ya paa kama kamati inavyotaka. Nikishaingia nitatoka kwa hiari yangu, nitakwenda zangu kochini, na mjukuu ataingia alale. Sijasikia popote kanuni inayokataza gari kumpisha ndugu yake.

Mkikubali, nategemea kutendewa kama gari. Nifunikwe shuka jeupe. Nipanguswe kwa kitambaa laini. Wakija wageni wasimame kimya mbele yangu, mikono nyuma, na fundi saa aniulize nimeamkaje na angoje jibu mpaka mwisho. Maandamano yakifika nikae mbele na kofia, nipunge mkono, na mzee asukume.

Na mkikataa, mkasema bibi wa watu hawezi kuwa gari, basi naomba mniandikie, mtie na muhuri, mnieleze gari linawezaje kuwa mwali.

Njia ya tatu ipo, nayo ni fupi. Ninyi mnaolipenda sana mje mlichukue mkalilaze kwenu. Nakumbuka kliniki yako ina chumba kikubwa cha kungojea. Likangoje huko pamoja na wenye majino. Wiki hii isiishe.

Sijaandika haya kwa chuki. Mzee wangu ni mtu mwema, na najua kwamba anapokaa kwenye usukani ule anarudi kuwa kijana mwenye mgongo ulionyooka na kazi ya kwenda. Ningeweza kumvumilia miaka mingine mingi. Ila tumbo la mtoto haliahirishwi kama mkutano, na mimi nilishamzika mmoja, huyu aliyebaki sitamwacha azalie kwenye kochi kwa sababu wanaume wazima wanaogopa benchi.

Nisalimie mkeo, mwambie apige moyo konde, hayuko peke yake. Msalimie fundi saa, mwambie magurudumu yote manne yameonekana. Wasalimie wa benchi wote, na uwaambie mimi nikiwa mwenyekiti wangekaa mbele. Katibu msalimie pia, na pua yake.

Ni mimi, mama mwenye nyumba ambayo gari lenu limeihamia bila hodi.

Baada ya sahihi:

Nilikuwa sijaifunga bahasha. Nimekwenda sebuleni kumpa mjukuu uji, nakuta kochi tupu. Nikaita, kimya. Nikatazama chooni, nikatazama uani, nikatoka mbio mpaka kwa jirani na bakuli mkononi. Nikarudi nikijisemea basi, kumekucha, uchungu umemshika njiani hana mtu.

Nimemkuta wapi? Ndani ya Mwali. Kiti cha nyuma, mlango wazi, mto mgongoni, miguu imenyooka mpaka mwisho, mdomo wazi, anakoroma kama mpagazi. Tangu afike sijamwona amelala hivyo. Nilisimama pale na uji wangu mpaka ukafanya utando.

Alipofumbua macho akaniambia, "Bibi, hapa mgongo umenyamaza. Usinitoe." Nikamwambia toka, gari linaondoka, kitanda nakuungia sasa hivi. Akasema kitanda kile anakijua tangu utotoni, kina bonde katikati, ukilala chali hunyanyuki, ukilala ubavu unaviringika. Hapa amepata mahali pa kuegemea, akaze wapi na alegeze wapi, na yeye hapa hatoki mpaka uchungu uje umtoe. Nikaingia nimvute mkono. Kiti kikanipokea. Sisemi nilikaa kiasi gani.

Mzee karudi kutoka kwa kinyozi, kachungulia, katukuta wawili humo. Nikajiandaa kwa kelele. Wapi! Alivua viatu mlangoni, akazunguka, akashusha kioo cha upande wa mjukuu ili hewa iingie, akamuuliza kwa heshima kabisa, kama alivyokuwa akimuuliza meneja, "Twende wapi, mama?" Mtoto akasema, "Hapahapa, babu." Mzee akasema haya, safari njema, akatoka akinyata kama mwizi.

Kwa hiyo yote niliyoandika juu ni kweli na sifuti hata moja, ila msilitende hata moja. Gari lisitoke. Atakayelisogeza hatua moja atanijua mimi ni nani. Ukaguzi hakuna mpaka mtoto azaliwe.

Wewe njoo peke yako, leo hii, na springi ya kiti cha nyuma, upande wa kushoto. Iliyomo imekatika, akigeuka inamchoma mjukuu wangu kiunoni. Ukiipata ya Kiingereza sawa, ukiitoa kwenye godoro lako sawa, mimi sibagui. Na ukifika usipige honi. Amelala.